Mkono wa Letisia katika daftari la Makarius

Saa mbili asubuhi, Jumatano, umande bado uko kwenye nyasi za kiwanja cha ofisi ya kijiji cha ujamaa cha Mgandini, ndani kidogo ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Makarius Theodory amekwisha kuegemeza baiskeli yake ukutani. Juu ya meza ametandaza vifaa vyake vyote: daftari lenye jalada gumu, kopo la vidonge, penseli, na unyoya mmoja mweupe wa kuku.

"Fumba macho, mzee," anamwambia mgonjwa wa kwanza, mzee Filipo, ambaye umri wake unakaribia miaka sabini. "Nikikugusa, nionyeshe mahali kwa kidole."

Mzee Filipo anafumba macho mpaka uso mzima unakunjamana. Unyoya unapita juu ya kiganja chake, na kidole cha mkono wa pili kinakwenda pale pale. Unyoya unapita kwenye unyayo. Mzee anatulia tu, anangoja.

"Bado hujanigusa," anasema.

"Nimekwisha kugusa, mzee."

"Haya. Andika."

Makarius anaandika. Kisha anaupeleka mkono wake upande wa nje wa goti la mzee, chini kidogo, anabonyeza taratibu kama mtu apimaye embe kama limeiva. Anaitafuta neva, mshipa wa fahamu. Anaipata, anaiviringisha chini ya kidole, anaandika tena.

Makarius, mwenye umri wa miaka 41, ni mhudumu wa ukoma. Kwa baiskeli hiyo anazunguka vijiji kumi na kimoja kati ya Kilosa na Mikumi, na katika daftari lake mna majina 87. Mshahara wake ni shilingi 340 kwa mwezi, na matairi ya baiskeli, anasema, ni juu yake mwenyewe mpaka barua yake ya kuyaomba ijibiwe. Barua hiyo ina mwaka wa pili sasa.

"Watu wanasema ukoma unakula vidole," anaeleza huku akimhesabia mzee vidonge vyake. "Haupo ukoma wa kula vidole. Wadudu wake wanakaa kwenye neva. Neva ikifa, kidole kinaungua na mwenye kidole hana habari. Kesho kinaungua tena, kesho kutwa kinachomwa na mwiba. Miaka ikipita, watu wanaona kidole kimekwisha, wanasema kimeliwa."

Mstari unasogea. Wa tisa ni mwanamke wa makamo, amejifunga khanga mbili zilizofuliwa vizuri. Anakaa kwenye kiti, anaweka kiwiko cha kushoto mezani bila kuambiwa.

"Jina?" Makarius anauliza.

"Letisia Marko."

"Kijiji?"

"Hapa hapa Mgandini."

"Nyumba namba ngapi?"

Mzee Filipo, ambaye amekwisha kupata vidonge vyake lakini hana haraka ya kwenda popote, anakohoa. "Makarius, namba ya nyumba unamwuliza yeye? Jana wewe ulilala wapi?"

Mstari mzima unacheka, na Letisia anacheka nao. Makarius hacheki. Anaandika namba ya nyumba, ambayo ni nyumba yake, kwa sababu Letisia ni mkewe wa ndoa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa.

Jinsi mke wa mpimaji alivyofika kwenye mstari wa wanaopimwa ndiyo habari iliyomleta mwandishi huyu Mgandini. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na Makarius anakubali kuwa aliyeitunga methali hiyo alikuwa akimwangalia yeye.

Alizaliwa katika milima ya Vidunda, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kisha ada ikamshinda baba yake. Mwaka 1953 aliteremka Kimamba kutafuta kazi kwenye mkonge. Hakupelekwa shambani kukata. Aliwekwa ghalani, mahali singa, yaani nyuzi za mkonge zilizokauka, zilipochambuliwa, ndefu kando na fupi kando, nene kando na nyembamba kando. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili.

"Baadaye nilikuwa nachambua bila kuangalia," anasema. "Macho yanazungumza na wenzangu, vidole vinafanya kazi."

Vidole hivyo ndivyo vilivyompa kazi ya pili. Mwaka 1966 aliajiriwa kufagia wodi za wagonjwa wa ukoma. Siku moja daktari alikuwa akiwafundisha wahudumu kupapasa neva, na wengi wao walikuwa wakishika kano, wakishika mifupa, wakishika chochote kilichokuwa chini ya ngozi. Daktari akamwona mfagiaji amesimama mlangoni na ufagio, akamwita kwa mzaha ajaribu. Makarius alishika kiwiko cha mgonjwa, akasema: "Huu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto." Alikuwa sahihi. Ufagio akapewa mwingine.

Kwa miaka tisa alifanya kazi hiyo bila kujua majina ya neva. Alikuwa na ya kwake: wa kiwiko, wa goti, wa kifundo, wa shingo. Wagonjwa nao waliita kila kitu mshipa, wa damu mshipa, wa fahamu mshipa, na wakaelewana bila shida.

Shida ililetwa na barua nyingine. Mwishoni mwa mwaka jana wahudumu wote ambao hawakufika darasa la saba waliarifiwa kuwa watafanya mtihani wa kuandika juu ya mfumo wa neva. Atakayefaulu atathibitishwa kazini. Atakayeshindwa atarudishwa kazi za usafi. Pamoja na barua kilikuja kitabu chembamba cha kurasa arobaini, kilichopigwa chapa kwa mashine ya ofisini, wino umevuja hapa na pale.

Makarius alianza kusoma. Alijifunza kuwa mfumo wa neva una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kati, yaani ubongo na ugwe mgongo, ule ugwe mweupe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ya pili ni ya pembeni, nazo ni neva zote zinazochipuka kutoka huko, jozi kumi na mbili kutoka ubongo na jozi thelathini na moja kutoka ugwe mgongo, zikigawanyika mpaka ncha za vidole.

Ili asisahau, aliuchora mfumo wote kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Ubongo mkubwa juu, ubongo mdogo nyuma yake, shina la ubongo chini, kisha ugwe mrefu wenye matawi huku na huku.

"Nilimwuliza huo ni mti gani umeota kichwa chini," anasema Letisia. "Akaniambia huo ni mimi. Nikamwambia basi usinichore karibu na moshi."

Letisia, mwenye miaka 38, ni mpishi wa watoto wa chekechea wa kijiji. Kila asubuhi hupika uji wa watoto karibu sitini katika sufuria kubwa juu ya mafiga. Kwa wanawake wa Mgandini, kama ilivyo mahali pengi, mpishi aliyekomaa hatafuti tambara. Huepua sufuria kwa mikono mitupu, huiweka chini bila haraka, na kina mama wenzake hunyamaza kidogo kwa heshima. Katika arusi na misiba bi harusi wa juzi hutambulika kwa tambara lake.

Letisia aliwashinda wote. Aliepua sufuria ambayo wengine hawakuthubutu kuigusa, akaibeba hatua kumi. Walimwita Mama Mkono. Makarius mwenyewe, akiwa kilabuni na wenzake, alijisifu kwamba ameoa mkono wa chuma. Malengelenge kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa mkewe aliyaona. Aliyahesabu kuwa ni alama za kazi.

Jumapili moja ya mwezi Machi mvua ilikuwa ikinyesha tangu misa ilipokwisha. Makarius alikaa jikoni na kitabu chake, akisoma kwa sauti kama walivyofundishwa misheni. Alikuwa amefika ukurasa wa ishirini na sita, palipoandikwa kwamba mtu akigusa kitu cha moto, neva ya hisia hupeleka habari kwenye ugwe mgongo, na ugwe mgongo hutoa amri kwa neva ya mwendo, na mkono hujiondoa hata kabla ubongo haujaarifiwa.

"Soma tena hapo," Letisia alisema.

Alisoma tena.

"Basi walioandika hicho hawakuniuliza mimi. Wangeniuliza ningewaambia mkono wangu huu hauna haraka hiyo."

Alicheka, akainama, akaepua sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka. Mkono wa kulia aliugeuzageuza, ukishika kwa ncha za vidole. Wa kushoto ulikaa pale pale umetulia.

Makarius alifunga kitabu. "Mama Agnesi," alimwambia, kwa jina la binti yao wa kwanza, "lete mkono."

Alimkunja kiwiko, akapeleka vidole nyuma yake, kwenye ule mfereji wa mfupa ambao mtu akijigonga husikia kama umeme. Mkono wa kulia neva ilikuwa kama singa chache zilizosokotwa pamoja. Mkono wa kushoto ilikuwa nene kama kamba ya kufungia mbuzi.

"Niliishika nikaiachia, nikaishika tena," anasema. "Miaka tisa nimeviamini vidole hivi. Siku ile niliviomba vinidanganye."

Letisia alimwuliza kuna nini. Makarius alijibu: "Maliza kupika." Anasema jibu hilo linamwaibisha mpaka leo.

Jioni alimweleza yote. Neva ya kiwiko ndiyo inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayotazamana na kidole kidogo. Alimjaribu kwa unyoya, na ramani ya kitabu ikajitokeza juu ya mkono wa mkewe kama ilivyochorwa. Kidole kidogo hakikusikia kitu. Kidole cha pete kilisikia upande mmoja.

"Nilikuwa najua siku nyingi kwamba pete naisikia upande mmoja tu," anasema Letisia. "Nilidhani ndivyo pete zinavyokuwa zikizeeka."

Kilichofuata Makarius hakukieleza kwa hiari. Mwandishi ndiye aliyeuliza. Mtu aliyezunguka vijiji kumi na kimoja akihubiri kuwa ukoma ni ugonjwa kama mwingine, unatibika, hauna aibu, alichukua vidonge vya akiba, akavitia katika kikopo cha mafuta ya nywele, akampa mkewe. Jina lake hakuliandika popote.

"Niliogopa watasema nimeutoa kwa wagonjwa nikauleta nyumbani. Niliogopa wagonjwa watakimbia. Niliogopa watamtoa kwenye uji wa watoto. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Kila mgonjwa anayejificha anazo hizo hizo, nami huwa nazikataa."

Letisia alimeza vidonge vya kikopo kwa majuma matano. Wakati huo alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima, saa kumi jioni, siku tatu kwa juma, na tayari alikuwa anasoma bila kufuatisha kwa kidole. Siku moja mumewe alipokuwa kisimani akioga, alifungua daftari la jalada gumu.

"Nilisoma majina yote themanini na sita," anasema. "Yalinichukua muda, maana mwandiko wake ni wa miguu ya kuku. Nilikuwa natafuta langu. Sikulikuta."

Makarius aliporudi alimkuta amekaa na daftari mapajani.

"Mzee Filipo yumo humu?" Letisia alimwuliza.

"Yumo."

"Ukimwona barabarani unamsalimia?"

"Shikamoo yake siikosi hata siku moja. Kwa nini?"

"Basi mimi nimekosa nini, baba Agnesi, hata sistahili kuandikwa?"

Jumatano iliyofuata Makarius alipoinua macho baada ya mgonjwa wa nane, mkewe alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti, watu wote wakitazama. Alimwuliza jina kama anavyowauliza wengine, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Tangu siku hiyo anamwuliza kila Jumatano, jina, kijiji na namba ya nyumba, na mzee Filipo hajachoka kuwachekesha watu.

Siku hiyo hiyo aliandika barua Kilosa akieleza habari ya vidonge vya kikopo. Muuguzi msimamizi, Dada Perpetua, alimjibu kwa barua ya onyo. Barua hiyo anayo. Ameikunja ndani ya kitabu cha neva, ukurasa wa ishirini na sita.

Kijiji nacho kilisema ya kwake. Juma la kwanza watoto wa uji walipungua kutoka 58 mpaka 31. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mwinshehe, hafichi kwamba alikwenda nyumbani kwa Makarius kumwomba Letisia apumzike.

"Nilifikiri namsaidia," anasema Mwenyekiti. "Akaniuliza, Ndugu Mwenyekiti, mwaka jana wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini mlimtoa mzee Filipo kule porini alikokuwa anaishi peke yake, mkampa kiwanja katikati ya watu, mkasema sote ni ndugu. Undugu huo ulikuwa wa mzee Filipo peke yake? Nikaomba maji ya kunywa."

Mkutano ukaitishwa. Makarius alieleza kuwa mgonjwa anayemeza vidonge hamwambukizi mtu, na kwamba wa kuogopwa ni yule asiyejulikana. Kisha alimwita mkewe mbele, akaonyesha kovu la kidole, akasema: "Kovu hili nililiona miaka miwili. Nililisifia." Mwenyekiti aliomba bakuli la uji uliopikwa asubuhi hiyo, akalinywa lote amesimama. Juma lile watoto walifika 52. Sita hawajarudi mpaka leo, na Letisia anawataja kwa majina.

Bado anapika. Makarius amemkataza kuepua, kwa hiyo anayeepua ni mwenzake, Siwema, na Siwema anaepua kwa tambara.

"Mwanzoni niliona haya," anasema Siwema. "Nimepika miaka ishirini, leo nishike tambara kama mwali? Lakini Makarius alikuja akatuambia kina mama wote, mpishi asiyesikia moto si wa kusifiwa, ni wa kupimwa. Basi siku hizi tambara ndilo tunalojivunia. Langu nimelitia taraza."

Makarius aliwapima wapishi wote wa kijiji, kiwiko kwa kiwiko, wanawake thelathini na wanne. Wote walikuwa salama. Sasa amelifanya kuwa desturi: akifika kijiji chochote, kabla ya kufungua daftari, anauliza ni nani hapa anayesifika kwa kuepua sufuria bila tambara. Katika vijiji viwili vya upande wa Mikumi amejibiwa kwa fahari, na mmoja wa waliotajwa ameanza dawa.

Mtihani ni mwezi Septemba, Kilosa mjini. Makarius anasema anatomia ya mkono ataiandika hata akiamshwa usingizini. Kinachompa taabu ni jozi thelathini na moja, ngapi za shingo, ngapi za kifua, ngapi za kiuno. Ukuta wa jikoni umepakwa udongo upya mara mbili, na mara mbili ameuchora tena. Akifaulu mtihani, anataka kuomba ruhusa ya kuwafundisha wahudumu wapya kupapasa neva, na ameshaweka fungu la singa za mkonge, nene na nyembamba, za kuwazoezea vidole.

Lakini leo ni Jumatano, na mgonjwa wa tisa bado amekaa kitini, kiwiko mezani.

"Fumba macho," Makarius anamwambia.

Letisia anafumba. Unyoya unapita kwenye kifundo cha mkono, naye anaonyesha. Unapita kwenye ukingo wa kiganja, chini ya kidole kidogo, mahali ambapo mwezi Machi palikuwa kimya kabisa. Anasita, kisha kidole chake kinakwenda pale pale. Neva ikipona hupona polepole, Makarius anaeleza, ikianzia juu na kushuka chini, na wakati mwingine huishia njiani. Hamwahidi mgonjwa yeyote, na huyu hajamwahidi.

Unyoya unapita juu ya kidole kidogo chenyewe. Letisia anangoja. Unapita tena. Anaendelea kungoja, uso umetulia, na mstari mzima unangoja pamoja naye.

Makarius anaandika: hapana.

Mwandishi alimwuliza Letisia kama angependa jina lake libadilishwe gazetini. Alikataa. Alisema alitafuta jina lake katika daftari zima asilione, na sasa anajua kusoma, kwa hiyo atalitafuta na gazetini. Alipoulizwa anatarajia nini, aliizungusha pete yake taratibu kwa mkono wa kulia.

"Nataka niisikie hii pande zote mbili," alisema, "kabla huyu hajawa mzee."